Kompyuta ya Ng'ombe Watatu

Jumatatu, 1 Juni 1998

Mwanaupe ameleta kompyuta! Mwanaupe huyu huyu wa kuvuka barabara, mjane mwenzangu, mpiga picha mwenzangu, mwenye mdomo kunizidi kwa mbali. Imeshushwa kwenye basi la Mwanza imezungushiwa godoro kama mgonjwa. Mtaa wetu wote wa Iringo umesimama. Hata mteja wangu, ameshakaa kitini, ameshaambiwa asipepese macho, alinyanyuka akaenda kutazama. Sikumwona tena.

Mchana akavuka kuja kunisalimia. Mwanaupe hanisalimiagi mchana. Akasema siku hizi mteja akitaka kupigwa picha kando ya ndege ya abiria, anawekewa ndege. Akitaka theluji, theluji. Nikamwuliza nani Musoma anataka theluji. Akasema wameshajiandikisha. Halafu akalitazama pazia langu la nyuma, lenye mlima na maua, alilochora marehemu mume wangu kwa mkono wake. "Mlima wako umeliwa na mende, shoga."

Nilimjibu. Sitaandika nilichomjibu. Kuandika nilifundishwa kwenye kisomo cha watu wazima, maana shule sikuingia hata kuomba maji ya kunywa, na mwalimu wa kisomo alisema daftari ni kitu cha heshima.

Jioni Felisian karudi kutoka Nyamuswa. Huyu ni mjukuu wangu, ndiye fundi wa studio, nami namwita mume wangu kama bibi yeyote anayejua haki zake. Kaja na uso wa dagaa walioanikwa wakanyeshewa mvua. Mzee Rafaeli, baba yake Hyasinta, alikuwa aje na wazee wenzake kukagua ng'ombe wetu wa mahari. Sasa ameanguka na baiskeli, mguu umefungwa, haendi popote. Kasema: nyinyi si watu wa picha? Leteni picha ya zizi. Wazee wakiwaona kumi waliotajwa, harusi inapangwa. Wasipowaona, kuna bwana mwenye duka Bunda anamtaka Hyasinta, na bwana huyo hana haja ya picha.

Tatizo ni dogo. Kumi nilitamka mimi, siku ya posa. Chai ilikuwa tamu, watu walikuwa wananisikiliza. Zizini kwetu, kijijini Suguti, wako watano.

Nimemwambia Felisian alale. Bibi anafikiri.

Jumanne, 2 Juni 1998

Nimefikiri!

Kama Mwanaupe anaweza kuleta theluji Musoma, nani atashindwa kuleta ng'ombe Suguti, mahali ambapo ng'ombe ni kawaida?

Felisian akasema huo ni uongo, Bibi. Nikamwambia si uongo, ni haraka. Ng'ombe wangu watazaa. Picha imetangulia tu. Akachukua kofia yake. Mtu anayempenda Hyasinta hawezi kubishana sana.

Kwa Mwanaupe hatuwezi kwenda. Ukimwambia siri asubuhi, adhuhuri unaikuta soko la samaki inauzwa. Lazima kompyuta iwe yangu. Tukaenda dukani kwa Yunusu. Duka lile zamani lilikuwa na rafu tupu na mche mmoja wa sabuni, nao ulikuwa wa kuonyesha tu, ukiuulizia unafukuzwa. Siku hizi ruksa! Redio, pasi, saa za ukutani, mafuta ya nywele ya kila nchi. Na nyuma kabisa, chini ya kanga, kompyuta.

Kompyuta siijui. Lakini kununua mnyama najua. Nikamzunguka. Nikamwinua tako. Nikamwangalia meno: yote yapo, tena yameandikwa herufi. Nikauliza anakula nini. Umeme. Anakunywa? Hasha, Bibi, hata chai isimkaribie. Nikaomba kumwona mama yake, maana mtamba hanunuliwi bila kumwona mama. Yunusu akasema mama yuko Dubai. Nikampa pole.

Yunusu ana subira, mama yake alimlea. Akanieleza kwamba hili sanduku ni mwili tu. Ndani kuna mfumo unaouendesha. Huyu ana Windozi. Wengine wana Makintoshi. Nikasema kumbe, yaani mwili na tabia. Akasema hapo hapo, Bibi. Akasema pia kwa kazi ya picha angalia kumbukumbu: mwenye kumbukumbu ndogo ukimpa picha kubwa anasimama tu anakodoa. Nikasema huyo namjua, ni shemeji yangu Masatu anayetuchungia ng'ombe.

Yunusu anatoa mwili, tabia, skana ya kumezea picha, na printa ya kuitapika. Vyote pamoja. Nimemwambia nitarudi. Mwenye pupa huuziwa ng'ombe kipofu.

Alhamisi, 4 Juni 1998

Bunda. Jua kali, vumbi mpaka kwenye fizi.

Yuko mtu anaitwa Pastory, alifanya kazi kwenye mradi wa Wazungu wa kuchapa vikaratasi vya kilimo. Mradi ulipofungwa walimwachia Makintoshi kama zawadi ya kuagana. Amemweka sebuleni, juu ya meza yake mwenyewe, na watoto wanakatazwa kucheka karibu naye.

Akamwasha. Akafungua picha ya nyanya. Mama yangu! Nyanya zilikuwa nyekundu kuliko nyanya. Nilitaka kuomba chumvi.

Felisian akapotea. Aliitazama ile mashine kama alivyomtazama Hyasinta siku ya kwanza kanisani, mdomo wazi, kofia mkononi. Akanieleza kwamba wachapaji wa magazeti Dar es Salaam wanatumia Makintoshi, kwamba rangi unayoiona kwenye kioo ndiyo unayoipata kwenye karatasi. Nami nikaona ni mpole, ana sura ya mtoto aliyelelewa na masista. Hata panya wake, kile kidude cha kushika mkononi, ana kitufe kimoja tu.

Lakini mimi nimezaa na kuzika, najua la kuuliza. Nikauliza: akiugua, anatibiwa wapi? Pastory akatazama dari. Akasema Nairobi. Nikauliza: skana yake iko wapi, printa iko wapi? Akasema mradi uliondoka navyo. Nikauliza: je, anaelewana na wenzake wa Windozi, mmoja akimpa picha anapokea? Akasema akibembelezwa.

Bei yake ni mtamba mmoja tu, aliye tayari kupandwa. Rahisi! Urahisi ndio ulionitisha. Bibi harusi mzuri anayetolewa bila mahari, muulize anakohoa usiku.

Jumamosi, 6 Juni 1998

Mahakama ya kichwa changu imekaa tangu juzi. Windozi au Makintoshi?

Felisian: Makintoshi. Kwa rangi, Bibi, kwa rangi!

Shemeji Masatu, aliyekuja na maziwa: hakuelewa swali, lakini anaunga mkono.

Nikavuka kwa Mwanaupe, kwa ujanja. Nikajifanya nimekuja kuazima kinu. Nikauliza tu, kama mtu anayeuliza habari za mvua, eti Makintoshi ni mtu wa namna gani. Mwanaupe akacheka mpaka bangili zikalia. Akasema Makintoshi ni ya wasomi, shoga, sisi wa kisomo tukae na Windozi yetu. Kidogo nipande basi la Bunda saa ile ile, kwa hasira.

Lakini nilipokuwa narudi na kinu kichwani, ambacho sikukihitaji, nikapata nuru. Moto unaombwa kwa jirani mwenye jiko kama lako. Mwanaupe ana Windozi. Nikiwa na Windozi, nikikwama navuka barabara na kinu. Nikiwa na Makintoshi, nikikwama navuka mpaka Nairobi na pasipoti sina.

Windozi! Imekwisha! Nimechagua kwa akili, bila kupendelea sura.

Yunusu noti hazitaki, anasema noti zinachakaa mfukoni. Anataka ng'ombe, ana wateja mnadani. Watatu, na anachagua mwenyewe.

Felisian akashika kichwa. "Bibi! Tunauza ng'ombe ili tuonyeshe ng'ombe?"

Nikamwambia mume wangu, wewe ni mzuri wa sura. Mengine niachie mimi.

Jumapili, 7 Juni 1998

Baada ya misa tumekwenda Suguti na kamera. Kwanza picha, ndipo Yunusu achukue. Huo ndio ujanja! Ng'ombe waondoke, kivuli kibaki.

Nawaandika hapa wasisahaulike. Nyota, wa paji jeupe, mtulivu. Ruksa, mtamba mwekundu, mwenye jina la enzi maduka yalipojaa. Kidoti, mwenye wivu. Waziri, dume, anakula vya wenzake. Na Shangazi.

Shangazi ni mweupe mwenye mabaka meusi kama ramani, sikio la kushoto limechanika, mbwa alimng'ata akiwa ndama. Mama yake alikufa akimzaa. Nilimlea mwenyewe kwa chupa ya soda, ananijua kwa sauti. Nikikohoa Musoma, anainua kichwa Suguti.

Felisian akatega kamera. Kidoti akageuka nyuma. Waziri akalala. Ruksa akajificha kwa Nyota. Shangazi peke yake akasimama, akanyoosha shingo, akatazama kamera kama mke wa mkuu wa wilaya. Na yangeyange mmoja, yule ndege mweupe afuataye ng'ombe, akatua mgongoni kwake, akasimama kwa mguu mmoja. Kach! Nilipiga kelele za furaha mpaka yangeyange akaruka. Lakini alishachelewa, ameshaingia.

Halafu vijana wa Yunusu wakaja. Wakamchukua Kidoti, wakamchukua Waziri. Wakamchukua Shangazi. Nikampa chumvi kiganjani. Akalamba, akaondoka, akageuka mara moja.

Macho yangu yalitoka jasho. Joto la Suguti ni baya sana.

Jumanne, 9 Juni 1998

Amefika! Kwa mkokoteni, blanketi mbili, nami mbele nikitengeneza njia kama askari wa maandamano. Nilipita mara mbili mbele ya studio ya Mwanaupe. Njia ilikuwa moja tu, lakini nilipita mara mbili.

Nimemweka pale kilipokuwa kiti cha wateja. Wateja watasimama, wana miguu. Nikamfunika kitambaa changu cha kufuma, kile cha maua, cha sebuleni. Nyumba ya mtu inajulikana kwa kitambaa.

Baada ya chakula cha mchana akaanza kunguruma. Kisha akazimika. Yeleuwi! Nikampepea. Nikamwimbia. Felisian akaja mbio, akaondoa kitambaa, akasema Bibi, umeziba pua zake, ana matundu ya kupumulia. Dakika chache akawaka tena. Kwa hiyo mashine haina kosa, kosa lilikuwa la kitambaa.

Nimemwacha na kitambaa kidogo tu. Cha begani.

Jumatano, 10 Juni 1998

Wanaume wote wa Musoma wako kwenye televisheni, Kombe la Dunia limeanza. Nafasi nzuri ya kujifunza.

Felisian alijifunza Mwanza kidogo, anajua kuwasha, kuzima, na kufuta madoa. Nikamwambia tuanze na madoa. Tukaanza na picha ya Mama Eufrasia wa kwaya, mke wa mpima samaki. Nikasema futa kidoa kile. Na kile. Na mkunjo ule. Na mwingine, mwanamke huyu ameteseka na watoto, mpumzishe. Nikashika panya mwenyewe! Utamu wake, jamani! Ni kama kuchambua mchele, huwezi kuacha. Tukamaliza, tukachapa.

Mama Eufrasia akaja. Akatazama. Akasema ahsante, picha nzuri, huyu ni binti wa nani? Jioni mumewe akaja akiuliza kama huyo binti ameolewa. Mama Eufrasia alikuwa nyuma yake. Sijui waliishia wapi, walielekea ziwani wakizungumza kwa sauti.

Kufuta tunajua. Kuongeza hatujui. Felisian amejaribu kuongeza ng'ombe, ametokea mkia tu.

Alhamisi, 11 Juni 1998

Nimerudisha kinu kwa Mwanaupe.

Nikakaa. Nikanywa chai. Nikasifu pazia. Nikauliza, kwa mbali sana, kama mtu ana ua moja kwenye picha na anataka bustani, anafanyaje. Mwanaupe akanitazama. Akasema: "Ua lako hilo lina pembe, Pelagia?"

Anajua! Nani kamwambia? Masatu, nani mwingine. Kichwa kile hakitunzi kitu, kinamwaga tu.

Nikajiandaa kutukanwa. Badala yake akafunga mlango wa studio yake, mchana kweupe, wateja wake wa theluji wamekaa nje. Akasema Felisian alikuwa anakuja kulala kwenye kanga zake akiwa mtoto, nilipokuwa kwenye foleni za sukari. Akasema yule muuza duka wa Bunda amwoe mtu mwingine. Halafu akanionyesha. Kuna kitu ndani ya programu kama muhuri wa ofisi ya kata. Unagusa ng'ombe hapa, unagonga muhuri pale, ng'ombe mwingine anatokea!

Sote wawili tukapiga vigelegele. Tukagonga tena. Tukagonga mpaka yeye akawa na mashehe sita kwenye picha ya maulidi, mmoja akiwa juu ya bati.

Nikiwa mlangoni akaniita. Akasema shoga, nimekusaidia, lakini mlima wako bado umeliwa na mende. Nimefarijika. Nilidhani anaumwa.

Ijumaa, 12 Juni 1998

Ng'ombe! Ng'ombe! Ng'ombe!

Nimeshika muhuri mwenyewe tangu asubuhi. Nyota na Ruksa hawafai, wamefichana. Kidoti ni matako tu. Waziri amelala, na dume aliyelala hutamtolea mahari. Aliyesimama vizuri ni mmoja. Basi nikamgonga Shangazi. Nikamgonga tena, kushoto. Nikamgonga nyuma, karibu na mti. Kila nikigonga, moyo unaniambia usiache. Nilipoinua kichwa zizi lilikuwa na ng'ombe kumi na saba, na mmoja yuko kwenye tawi.

Felisian akaniomba kwa machozi nipunguze. Nikashusha wa kwenye tawi kwanza. Tukaacha kumi na mmoja. Wa kumi na mmoja ni nyongeza, kama nyanya ya juu sokoni.

Umeme ukakatika kabla hatujahifadhi. Nikalala chini. Ukarudi, tukaanza upya, safari hii mkono ukawa mwepesi zaidi. Tukachapa. Karatasi kubwa, rangi safi. Nimeitazama muda mrefu. Hata mimi mwenyewe nimejiona tajiri. Nimemwambia Felisian labda nilikosea siku ya posa, labda ningesema kumi na tano.

Felisian hacheki. Anasema Hyasinta akijua atamfukuza. Nikamwambia mke mwenzangu hatajua. Nani anahesabu ng'ombe kwenye picha akakuta wamepungua?

Jumapili, 14 Juni 1998

Naandika na machozi yanadondokea daftari. Sijui ni kwa kilio au kicheko. Naandika yote.

Gari la Nyamuswa, kupitia Butiama, picha nimeifunga kwenye kanga mpya. Mzee Rafaeli alikuwa kibarazani, mguu juu ya kigoda, wazee wanne pembeni. Hyasinta akatuletea maji ya kunawa, akamkonyeza Felisian, Felisian akamwagia maji viatu. Tukala. Nikasalimia kwa sauti ya chini, kama mtu mwenye ng'ombe kumi na mmoja.

Picha ikafunguliwa.

Mimi nilidhani watahesabu. Hawakuhesabu! Hao ni wafugaji. Wafugaji hawahesabu ng'ombe, wanawasalimu. Mzee wa kwanza akaweka kidole akaanza kuwataja mmoja mmoja kwa rangi yake, kama mtu anayepokea wageni. Huyu mwekundu, mtamba. Huyu wa paji jeupe. Huyu mweupe wa mabaka, sikio limechanika. Akasogeza kidole. Huyu naye mweupe wa mabaka. Sikio limechanika. Akasogeza. Akasita. Akavua kofia. Akampa mwenzake.

Mwenzake akasema hii ni familia moja, wamefanana mno. Wa tatu akauliza mbwa gani huyo aliyewang'ata wote sikio la kushoto. Nikasema Suguti kuna mbwa mkali sana. Wa nne akauliza: "Na hao yangeyange, mama? Mbona wote wamechoka mguu mmoja?"

Yangeyange! Nilimsahau yangeyange! Kila Shangazi ana yangeyange wake!

Mzee Rafaeli akaichukua picha. Akaisogeza karibu na macho. Akaitazama, akatazama nyuma ya nyumba, akaitazama tena. Akasema polepole kwamba tangu aanguke hana kazi ila kukaa hapa kibarazani na kutazama zizi lake, na kwamba huyu ng'ombe wa kwenye picha anamjua. Nikasema hapana, Mzee, ng'ombe wanafanana, dunia ni pana. Nilisema kwa nguvu kidogo, ili nieleweke.

Kosa! Sauti!

Nyuma ya nyumba ng'ombe akalia. Moooo ya kuvunja moyo. Ikafuata kamba kukatika, kuku kukimbia, Hyasinta kupiga kelele. Shangazi akatokea pembeni ya jiko. Mtoto wa Mzee alimnunua mnadani Alhamisi! Akapita katikati ya wazee wote, akakanyaga kigoda, akaja kwangu, akanilamba uso kuanzia kidevu mpaka kilemba.

Nilijaribu kumwambia simjui. Kilemba kikaanguka.

Mzee Rafaeli akauliza, kwa heshima kubwa: "Mama mkwe, mbona ng'ombe wangu anakusalimu kabla ya mimi?"

Felisian akasimama. Mume wangu, moyo wangu! Akasema yote. Kwamba wako wawili tu, Nyota na Ruksa. Kwamba watatu wamekwenda kwa Yunusu kununua kompyuta ya kuwaonyesha. Kwamba bibi yake alifanya hivyo kwa kumpenda, na kwamba yeye mwenyewe alichapa ile karatasi kwa hiyo aadhibiwe yeye. Hyasinta akaja akasimama karibu yake, beseni mkononi. Akamwambia baba yake kwamba muuza duka wa Bunda hajawahi kumwongezea yeye hata kuku mmoja pichani.

Nikaona kifua cha Mzee kinaruka. Nikadhani ni hasira, nikashika begi. Kumbe anacheka! Akacheka mpaka mguu ukamwuma, akalia kwa maumivu, akacheka tena. Wazee wakadondokeana. Yule wa nne alipelekwa kivulini.

Hukumu: Faini mbuzi mmoja, kwa kudharau macho ya wazee. Wazee watakaa upya kuhusu wale wengine, mahari si moto wa kuzimwa siku moja. Lakini Jumapili ijayo Nyota na Ruksa wawe hapa Nyamuswa, wawili, wakitembea kwa miguu yao wenyewe. Wakikanyaga uwanja ule, siku ya harusi inatajwa pale pale. Wasipokanyaga, hakuna harusi, na Bunda si mbali.

Nililia. Nikamkumbatia Mzee, nikamkumbatia Hyasinta, nikamkumbatia Shangazi zaidi.

Tukiwa tunaondoka, Mzee akaomba nibaki kidogo. Akangoja wenzake wapite. Akaninong'oneza kwamba mtoto wake Alfonce naye anaposa, huko Butiama, kwa watu wakubwa, na zizi lake si kubwa kama alivyosema. Akauliza: "Hiyo mashine yako, mama, inawezaga kuondoa yangeyange?"

Jumanne, 16 Juni 1998

Nimefurahi siku mbili mfululizo. Felisian anapiga mluzi chumba cha giza. Mwanaupe amepata habari yote, ameicheka barabarani amekaa chini, kisha akaleta biriani. Amesema harusi atapiga picha yeye, bure, na theluji ataweka.

Nimeapa mbele ya Felisian: sitachezea mahari yake tena. Nimejifunza. Nimeketi nikatafakari kosa lilikuwa wapi, na nimeliona wazi kabisa.

Kosa lilikuwa ni kuchagua tabia.

Felisian anasema mashine haina hatia, Bibi, mkono wako ndio uliogonga. Mtoto mzuri, lakini hajui wanyama. Windozi ni mchapakazi, ukimwambia gonga anagonga, na yangeyange anamleta. Yule Makintoshi wa Bunda ana macho. Aliyezijua nyanya vile atamwona yangeyange. Na printa ninayo tayari, skana ninayo. Watabembelezana.

Mzee Rafaeli anahitaji mapema picha ya zizi la kupeleka Butiama. Mkwe akiomba, unamwambiaje hapana? Huo utakuwa utovu wa adabu, na harusi bado haijafungwa.

Pastory anataka mtamba mmoja tu. Ruksa ni mtamba. Jumapili iko mbali, siku tano nzima, mtu anaweza kufanya mambo mengi. Labda Pastory atakubali kuniazima Ruksa akakanyage tu Nyamuswa, halafu arudi. Akikanyaga amekanyaga.

Nimekwenda Suguti alfajiri bila kumwamsha mume wangu. Ruksa amekubali kamba vizuri, tayari tuko njiani, naandika hapa tunaposubiri lori la Bunda. Safari hii sikukosea. Kabla ya kumtoa zizini nimempiga picha. Mbele, nyuma, kushoto, kulia. Na kila ndege aliyekaribia nimemfukuza kwa fimbo.